Kabla Hujamhamishia Mtoto Shule Ndogo: Neno kwa Wazazi wa Mazimbu

Mzazi akisikia kuna shule ndogo imefunguliwa mtaani, swali lake la kwanza huwa la ada. La pili huwa la Kiingereza, na la tatu kama kuna gari la kumchukua mtoto. Maswali hayo nimeyasikia Mazimbu, Lukobe na Kihonda kwa muda mrefu, na kila mara natamani yangesogezwa nyuma kidogo ili jingine litangulie: ni nani hasa atakayemfahamu mwanangu humo ndani, na atakaa kwa muda gani? Shule ndogo ina faida moja ambayo shule kubwa hupata taabu sana kuitoa, nayo ni mtu mzima anayemjua mtoto kwa undani, siku hadi siku, mwaka hadi mwaka. Faida hiyo ikikosekana, mzazi anabaki analipia upungufu wote wa udogo bila kupata jema lake hata moja.

Ninazungumzia shule za aina gani? Ni zile zinazoanzia kwenye nyumba ya kupanga au kiwanja cha familia, zenye vyumba viwili vitatu, watoto ishirini hadi sitini, walimu watatu au wanne, na mara nyingi watoto wa rika tofauti wakisoma chumba kimoja. Marekani shule za namna hii zilishika kasi wakati wa UVIKO-19, shule kubwa zilipofungwa na wazazi wakaanza kukusanyana kwa vikundi sebuleni. Kwetu shule zilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa tena Juni mwaka huohuo, hivyo janga halikutuachia desturi hiyo. Kinachowasukuma wazazi wa Morogoro ni mambo mengine, na ni mazito.

La kwanza ni msongamano. Tangu elimumsingi bila ada ianze Januari 2016, watoto ambao zamani wangebaki nyumbani wameingia shuleni, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 shule ya msingi na 25 darasa la awali, na mzazi yeyote aliyewahi kuchungulia dirisha la darasa la kwanza katika shule ya mjini anajua jinsi hesabu hiyo inavyopitwa. La pili ni gari. Wanaokimbilia shule za Kiingereza za upande wa pili wa mji wanakutana na basi linalopita alfajiri. Mtoto wa miaka mitano anaamshwa kabla ya adhana, anazungushwa Kihonda na Mkundi wenzake wakichukuliwa mmoja mmoja, anafika darasani tayari amechoka, na jioni anarudi amelala kwenye kiti. Mzazi anayetafuta shule ambayo mtoto anaweza kuifikia kwa miguu kwa dakika kumi hatafuti anasa.

Kwa bahati, mzazi wa Mazimbu anaishi juu ya ardhi yenye mengi ya kumfundisha kuhusu kuanzisha shule. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania ilikipa chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, shamba la mkonge lililokuwa limetelekezwa hapa. Anna Abdallah alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro wakati huo, na alikuwa miongoni mwa waliosaidia ardhi hiyo ipatikane. Vijana waliokuwa wamekimbia nchi yao baada ya maandamano ya Soweto ya Juni 1976 walihitaji mahali pa kusoma. Shule ikajengwa, na wanafunzi wenyewe wakashika koleo pamoja na mafundi. Baada ya kijana Solomon Mahlangu kunyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, shule ikabeba jina lake: Solomon Mahlangu Freedom College. Mwaka 1992, uhamisho ukiwa unakwisha, majengo yote yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Shule ile ilianza kidogo, lakini haikubaki ndogo. Ninaitaja kwa sababu ya mpangilio wake. Waliopanga Mazimbu hawakujenga madarasa tu. Walijenga mahali pa kulelea watoto wachanga ili mama kijana aendelee na masomo, kisha chekechea, shule ya msingi, sekondari, zahanati iliyokua ikawa hospitali, shamba la mahindi na mifugo, na karakana. Waliona kwamba mtoto hafundishiki akiwa na njaa, akiwa mgonjwa, au mlezi wake akiwa hana pa kumweka mdogo wake. Na hata wao, pamoja na misaada ya nchi nyingi na walimu wa kujitolea kutoka pembe nyingi za dunia, walisumbuliwa na tatizo ambalo litaisumbua shule yoyote ndogo ya leo: walimu wanakuja na kuondoka. Ikiwa shule iliyoungwa mkono na nusu ya dunia ilipata shida kubakiza walimu, mwenye shule ya vyumba vitatu Mazimbu akikuambia jambo hilo halimpi wasiwasi, usimwamini haraka.

Sasa tuje kwenye udogo wenyewe. Wazazi wengi wanadhani darasa likipungua, mtoto ataelewa zaidi, basi. Ushahidi unasema inategemea. Huko Tennessee, Marekani, kati ya mwaka 1985 na 1989, maelfu ya watoto waligawanywa kwa kura, wengine katika madarasa ya watoto 13 hadi 17 na wengine ya 22 hadi 25. Wale wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu, hasa miaka ya mwanzo. Lakini magharibi mwa Kenya mambo yalikwenda tofauti. Wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi ambazo zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada, na darasa likashuka kutoka wastani wa watoto 82 hadi 44. Watoto waliobaki na walimu wao walewale wa zamani hawakupanda kwa kiasi cha maana. Darasa lilipungua karibu nusu, lakini ufundishaji haukubadilika, na walimu wengine wakapunguza juhudi kwa kuwa sasa kulikuwa na mwenzao wa kusaidia.

Matokeo ya Kenya yanatuhusu kuliko ya Tennessee, kwa sababu walimu wengi wanaoajiriwa na shule zetu ndogo wamefunzwa na kuzoea kufundisha umati. Wamezoea kuandika ubaoni, watoto wakariri kwa sauti, kisha wanakili. Mwalimu wa namna hiyo ukimpa watoto kumi na wanane atawafundisha vilevile, ila sasa kwa utulivu zaidi. Mzazi anaona utulivu ule anafurahi, lakini utulivu wa darasa haukuambii kama mtoto anajifunza.

Kwa hiyo nenda ukaone mwenyewe. Usiende siku ya mahafali wala siku ya wazazi, watoto wakiwa wamevaa joho na kukariri ngonjera. Nenda Jumanne au Jumatano ya kawaida, baada ya vipindi viwili vya mwanzo, uombe kukaa nyuma ya darasa nusu saa. Shule inayokataa kabisa mzazi asikae darasani hata kwa miadi, iache. Ukishakaa, chagua mtoto mmoja aliye kimya, yule asiyenyoosha mkono. Mtazame. Kipindi kikiisha, muulize mwalimu habari zake: anasoma mpaka wapi bila kusaidiwa, ni kitu gani kinamtatiza kwenye hesabu, hucheza na nani, nani huja kumchukua. Mwalimu wa watoto ishirini anapaswa kujibu bila kufungua faili. Akikuambia "anajitahidi," uliza tena. Akirudia "anajitahidi sana," umeshapata jibu.

Kisha omba kuona madaftari, siyo ya mtoto mmoja aliyechaguliwa bali ya watano waliokaa safu moja. Ukikuta yote matano yana sentensi zilezile zilizonakiliwa ubaoni, kwa mpangilio uleule, shule hiyo imepunguza watoto bila kubadilisha kitu kingine. Ukikuta mtoto mmoja yuko kwenye silabi, mwingine anaandika habari fupi ya safari ya kwa bibi yake Matombo, na mwalimu amemwandikia kila mmoja neno linalomfaa, hapo udogo unafanya kazi. Angalia pia masahihisho. Alama ya vyema haitoshi. Je, mtoto aliyekosea alirudia zoezi? Kosa lilelile linajitokeza wiki tatu mfululizo bila mtu kulishughulikia?

Kama shule inachanganya madarasa, mathalani la kwanza na la pili chumba kimoja, usiogope. Darasa mchanganyiko likiongozwa na anayelijua linawafaa sana watoto, maana mkubwa hujifunza anapomwelekeza mdogo. Swali la kuuliza ni moja: mwalimu akiwa na kundi hili, kundi lile linafanya nini? Omba uone andalio la somo la siku hiyo. Likiwa na kazi mbili zilizopangwa kwa makundi mawili, mwalimu anajua anachofanya. Likiwa na kazi moja, ina maana nusu ya darasa inasubiri, na mtoto wa miaka saba akisubiri kila siku mwaka mzima amepoteza mengi.

Kuhusu Kiingereza nitasema wazi, hata kama litawaudhi baadhi. Hofu ya mzazi ina msingi, maana sekondari yetu inafundishwa kwa lugha hiyo. Lakini shule ndogo nyingi zinajiuza kwa Kiingereza ambacho walimu wenyewe hawakimudu. Wasikilize wakati wa mapumziko. Mwalimu akimtuliza mtoto aliyeanguka, akimwonya anayemsukuma mwenzake, au akieleza kwa nini mvua inakuja Uluguru kabla ya kushuka mjini, anatumia lugha gani na anaitumia kwa wepesi gani? Kama Kiingereza chake kinaishia kwenye amri za kukaa na kusimama, mtoto wako hatapata Kiingereza, na Kiswahili cha kufikiria kwa kina nacho atakikosa. Mtoto wa chekechea anayesoma vizuri kwa Kiswahili chini ya mwalimu hodari atajifunza Kiingereza akifundishwa. Mtoto aliyekaririshwa maneno asiyoyaelewa huzoea kwamba shuleni si lazima kuelewa, na mazoea hayo kuyaondoa ni kazi ya miaka.

Sasa jambo ambalo wazazi hulipuuza mpaka limechelewa: karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mtoto naye anaweza kupotea kwenye mfumo wa elimu hivyohivyo. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa upande wa ustawi wa jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Shule ya awali na msingi husajiliwa na wizara inayohusika na elimu, chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Hivyo ni vibali viwili tofauti. Tatizo kubwa la vituo vya mitaani ni kwamba vinaanza na kibali cha kulelea watoto, watoto wanakua, wazazi wanaridhika, na mwenye kituo anafungua "darasa la kwanza" kimyakimya. Cheti kinaning'inia ukutani, kina mhuri, na mzazi anaona mambo yako sawa. Kisome. Kama kinasema kituo cha kulelea watoto mchana, darasa la kwanza la hapo halipo mbele ya Serikali, na wewe mzazi ambaye sheria inakutaka umwandikishe mtoto shule na ahudhurie, hujatimiza wajibu huo.

Shule iliyosajiliwa ina namba ya usajili. Iandike, nenda nayo kwa Afisa Elimu Kata au ofisi ya Wathibiti Ubora wa Shule ya Manispaa, uulize kama namba hiyo ni ya shule hiyo na ni kwa madarasa yapi. Ni safari ya asubuhi moja. Pili, uliza namba ya PREMS ya watoto walioko pale. Hiyo ndiyo namba ambayo Baraza la Mitihani linamtambulia mwanafunzi, na uhamisho wa mtoto kutoka shule moja kwenda nyingine hupitia humo. Mtoto asiye na namba hiyo atakupa taabu siku utakapotaka kumhamisha, na taabu kubwa zaidi siku ya kusajiliwa kwa Upimaji wa Darasa la Nne au mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Tatu, uliza watoto wa hapo hufanyia wapi mitihani ya taifa. Shule ndogo ambayo haijawa kituo cha mtihani inaweza kuwa na makubaliano halali na shule jirani. Makubaliano hayo yawe ya maandishi, na mwalimu mkuu wa shule hiyo jirani awe anayajua.

Swali hili lina uzito wa pekee kipindi hiki. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umefupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita, na kwa ratiba ya Serikali, mwaka 2027 kundi la mwisho la darasa la saba na kundi la kwanza la darasa la sita watamaliza pamoja. Muulize mwalimu mkuu mtoto wako yuko kundi lipi na wanatumia vitabu vipi vya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwalimu mkuu anayebabaika kwenye swali hilo hafuatilii nyaraka zinazotoka wizarani, na katika shule ndogo hakuna mwingine wa kuzifuatilia kwa niaba yake.

Inafaa kujua kwamba Serikali yenyewe ina shule ndogo. Tunaziita shule shikizi. Ni vyumba vichache vinavyojengwa karibu na watoto wadogo wasioweza kutembea mpaka shule iliyopo, na katika fedha za mapambano ya UVIKO-19 yalijengwa madarasa 3,000 ya shule shikizi nchi nzima. Mtu aliyepanda njia za Uluguru, akaona mtoto wa miaka sita akishuka mteremko ule wakati wa mvua za masika, haelezwi umuhimu wake. Jambo zuri kwenye mpango huo ni kwamba shule shikizi haiachwi peke yake. Ina shule mama: mwalimu mkuu, kumbukumbu na mitihani viko huko, na mtoto akikua anajua anakokwenda. Shule ndogo ya binafsi nayo inahitaji mama wa namna hiyo. Uliza mtoto akimaliza la tatu au la nne hapo anaelekea wapi, na waliomtangulia walikwenda wapi. Omba kuzungumza na wazazi wao, siyo wale waliopo sasa tu. Waliopo bado wana sababu ya kusifu.

Ada nimeiacha mpaka hapa makusudi. Fanya hesabu pamoja na mwenye shule, bila aibu. Chukulia shule ina watoto 20 na walimu wawili, kila mwalimu akilipwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hao wawili ni shilingi 12,000,000, yaani 600,000 kwa kila mtoto, kabla hujahesabu kodi ya nyumba, uji, mpishi, mlinzi, maji na vitabu. Shule inayokutoza 300,000 kwa mwaka kwa watoto 20 basi ama ina mfadhili, ama inawalipa walimu kidogo sana, ama haitafika Desemba. Kila moja kati ya hayo unastahili kulijua. Ada ndogo si dhambi. Kuna shule zinazobebwa na parokia, msikiti au familia yenye moyo, na zinafanya vizuri. Lakini chanzo cha fedha kijulikane. Uliza pia kama walimu wana mikataba na kama wanachangiwa NSSF. Swali hilo linawashangaza wengi, ila mimi nalithamini kuliko lolote kuhusu fedha, kwa sababu mwalimu aliyechangiwa mafao ana sababu ya kubaki, na mwalimu anayelipwa mkononi kwa mafungu anasubiri ajira nyingine itangazwe.

Kuna mtego mmoja wa hapa kwetu hasa. Kampasi ya Solomon Mahlangu inafundisha walimu, na Chuo cha Ualimu kipo upande wa Kigurunyembe, kwa hiyo Morogoro haikosi vijana waliosomea kazi hii au wanaoisomea. Shule ndogo huwatumia kwa wingi. Wana ari, wana mbinu mpya, wanajua kufaragua zana kwa vifuniko vya soda na maboksi. Watoto wanawapenda. Kisha mafunzo kwa vitendo yanakwisha, au ajira inatoka, na mtoto anakutana na sura mpya muhula unaofuata. Hakuna ubaya kuwa na kijana mmoja wa mafunzo darasani. Ubaya ni shule nzima kusimama juu yao. Hakikisha kuna angalau mwalimu mmoja mwenye sifa za kufundisha awali au msingi ambaye ameshakaa hapo zaidi ya miaka miwili na hana mpango wa kuondoka.

Usalama nao uuangalie kwa macho. Katika nyumba iliyogeuzwa shule, choo kiko wapi na nani humsindikiza mtoto? Kuna chumba ambacho mtu mzima anaweza kukaa na mtoto peke yake mlango ukiwa umefungwa? Nani mwingine anaishi kwenye uwanja huo? Shule ndogo huwa na hali ya kifamilia, na uzuri huo wenyewe ndio unaofanya watu wasiulizane maswali magumu. Yaulize. Na kama mwenye shule anakushawishi mtoto wako wa darasa la pili alale hapo ili "azoee," kumbuka kwamba Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2023 umezuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne.

Yapo pia mambo ambayo shule ndogo haitayatoa hata ikiwa bora, na mzazi ayajue mapema. Mtoto anaweza kukosa rika lake: wenzake wa darasa la tatu ni wawili, na wakikosana hana pa kwenda. Mnyanyasaji katika shule ya watoto mia sita unaweza kumkwepa. Katika shule ya watoto ishirini na wawili uko naye mchana kutwa. Timu ya mpira haijai. Mtoto mwenye ulemavu wa kusikia au kuona atapata upendo, lakini huenda asipate mwalimu wa elimu maalumu wala vifaa. Na akifika darasa la tano na la sita, sayansi inahitaji mwalimu anayeijua na vitu vya kushika. Kwa maoni yangu, shule ndogo inafaa zaidi kuanzia awali hadi darasa la tatu au la nne, miaka ile ya kusoma, kuandika na kuhesabu, ambapo kujulikana kwa mtoto kunazaa matunda makubwa. Baada ya hapo mpeleke mahali penye watu wengi zaidi na vitu vingi zaidi, akiwa tayari anasoma mwenyewe.

Na kama mtaani kwenu hakuna shule ndogo inayostahili? Wazazi wa pwani walionyesha njia. Mombasa mwaka 1986, Bi Swafiya Said alianza kazi na jamii za Waislamu waliotaka watoto wao wapate elimu ya awali bila kuacha malezi ya dini, wakitumia madrasa zilizokuwepo tayari. Chini ya Taasisi ya Aga Khan mpango huo ukaingia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Kilichoufanya udumu ni kwamba jamii yenyewe ilikuwa na kamati, ikasimamia shule na kuchangia, huku walimu, wengi wao wanawake wa mtaa huohuo, wakifunzwa na kutembelewa kazini mara kwa mara. Mwalimu wa mtaani anayefunzwa vizuri haondoki kirahisi, maana kwao ni hapo. Mazimbu ina wazazi wahadhiri, wazazi wakulima, wazazi wenye maduka na wazazi mafundi. Kamati ya watu saba wa aina hiyo, yenye mwalimu mmoja mzuri na nia ya kufuata usajili tangu siku ya kwanza, inaweza kufanya kazi ambayo mfanyabiashara mmoja mwenye nyumba tupu hawezi.

Wale ambao watabaki kwenye shule kubwa ya Serikali, na ndio wengi, nao wasikate tamaa. Mwalimu wa watoto tisini hawezi kumjua mtoto wako bila msaada wako. Nenda mwanzoni mwa muhula, usingoje kuitwa. Mwambie mtoto anaogopa nini, anasoma mpaka wapi, nani wa kumpigia. Kusanyeni watoto watano au sita wa jirani jioni mara mbili kwa wiki, mtu mzima mmoja akae nao wasome kwa sauti, kila mmoja kwa kiwango chake. Msigeuze kuwa twisheni ya kukaririsha mitihani.

Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza kwa kawaida huanza Oktoba. Kwa hiyo fanya ziara zako Agosti na Septemba, shule zikiwa kazini, siyo Januari ukiwa na sare mkononi na nauli imekwisha. Ukishatembelea shule mbili, moja kubwa na moja ndogo, na ukabaki na mashaka, angalia walimu. Shule kubwa yenye mwalimu wa darasa la kwanza aliyekaa hapo miaka kumi na anayejua majina ya watoto wake ni bora kuliko shule ndogo inayobadilisha mwalimu kila muhula. Mpeleke mtoto huko bila kusita.